Damu Waliyoikataa

Jirani yangu alikuja kuniomba damu baada ya sala ya Alasiri, nami nikafurahi kama mtu aliyealikwa harusini. Mkewe alikuwa apasuliwe tumbo wiki ile, na madaktari walikwisha kuwaambia watafute watu wa kutoa damu mapema, isije ikahitajika ikakosekana. Nduguze wachache walikuwa wamekwisha kwenda kutoa. Wengine waliogopa, maana wakati ule katika mji wa Ibra walikuwapo watu wazima na akili zao walioamini kwamba damu ikishatoka hairudi. Akasimama mlangoni pangu, kilemba kimemlegea, hajui aanzie wapi.

"Ustadh," akaniambia kwa Kiarabu, kwani ndivyo walivyoniita wote pale mtaani, "nina haja kwako, na ukikataa sitokasirika."

"Sema tu."

"Damu."

"Twende," nikamwambia, na hapo hapo nikaingia ndani kutafuta viatu.

Mimi nilizaliwa Unguja mjini na nikakulia huko mpaka mambo yalipogeuka. Nikaishi Dar es Salaam, nikaoa, mke wangu akafariki bila ya kuniachia mtoto. Oman ilipofungua milango kwa sisi wenye asili ya huku, nikaja na sanduku moja, katikati ya miaka ya sabini. Serikali ilikuwa ikitafuta watu waliosoma. Nikapewa kazi Ibra, katika ofisi ya mambo ya maji, kufasiri barua za Kiingereza kwa wakubwa waliosoma Kiarabu tu. Babu yangu alitoka jimbo hili hili la Sharqiya, lakini waliobaki kijijini kwake hawakunijua, na mie sikujua niwaeleze nini. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni. Nikisema sokoni, watu wanainama kuficha kicheko. Kiswahili nilikisema nikienda Maskati, na huko sikwenda mara nyingi. Nyumbani nilikuwa nikisema peke yangu nikipika chai, nisije nikasahau.

Jirani huyu ndiye mtu pekee aliyenitia machoni tangu siku za mwanzo. Alikuwa na duka la vyuma vya magari karibu na njia ya Sur, mtu wa rika langu, mnene, mwenye sauti ya chini. Alipojua kwamba naishi bila mke, ikawa haiwezekani jua likazama bila ya sinia kutoka kwake: wali uliorowa samli, nyama ya mbuzi, tende, na siku za Ijumaa halwa bado ya moto, mafuta yanaelea juu yake. Mie nikila. Nikila kwa njaa na nikila kwa adabu, maana sinia likirudi na chakula, mkewe atauliza kama mgeni hakupenda. Mchana nikinywa soda na chai ya maziwa ya kopo. Unguja nilikuwa mtu wa baiskeli, mwembamba kama ufito. Ibra serikali ilinipa gari, na katika miaka michache kanzu zangu zote zilinibana, nikashona nyengine. Watu wakinisifu: "Mashaallah, ustadh, nchi imekukubali."

Kwa hivyo aliponiomba damu nilihisi kwamba na mimi sasa nina kitu cha kumpa. Nililala kwenye kitanda cha spitali, nikatazama chupa ikijaa, na jirani akasimama kandoni mwangu muda wote akinishika bega. Tukatoka pamoja. Akaninunulia maji ya machungwa, akasema, "Leo umekuwa ndugu." Nikarudi nyumbani nikilirudia neno lile.

Siku chache baadaye nikaitwa spitali. Nilidhani wanataka damu nyengine. Daktari alikuwa mtu wa Bara Hindi, mpole, mwenye miwani mizito. Tukasema kwa Kiingereza. Akanieleza kwamba damu yangu hawakuitumia, wameimwaga. Walipoipima waliona kwamba ini langu lina tatizo.

"Mimi siumwi," nikamwambia.

"Ini haliumi," akasema. "Lakini likidhurika, huvujisha vitu vyake kwenye damu. Hivyo ndivyo tunavyovipima, na kwako vimezidi sana." Akakohoa kidogo. "Umepata kuugua maradhi ya manjano?"

"Hapana."

"Unakunywa pombe?"

"Hapana. Sijapata hata kuionja."

Akaandika kitu, khalafu akavua miwani. "Sikiliza, bwana. Hapa tuko mimi na wewe tu. Mimi si polisi wala si shekhe."

"Nimekwambia sinywi."

"Sawa," akasema, kwa sauti ile ya mtu anayemaliza mazungumzo bila ya kuamini.

Hatukuwa mimi na yeye tu. Mlango ulikuwa wazi nusu, na jirani yangu alikuwa nje, amekuja kumwona mkewe aliyekwisha kulazwa. Nilipotoka nikamkuta anazungumza na muuguzi mmoja. Hakujua Kiingereza, lakini muuguzi alijua, na alikuwa anampa khabari kwa nia njema kabisa. Nilisikia mwisho wa maneno yake: "Damu yake haifai. Ini lake bovu. Ama ni ile manjano inayoambukiza, ama ni ulevi."

Jirani akanitazama. Nilitaka kusema, lakini Kiarabu chote kilinikimbia.

"Mungu akuafu," akaniambia, akaondoka kwenda kwa mkewe.

Jioni ile sinia halikuja. Nilijiambia kwamba mwanamke yuko spitali, nani atapika? Lakini yule mama akapasuliwa salama, akarudi nyumbani, nikasikia vigelegele vya jamaa zake kupitia ukutani, na sinia halikuja tena.

Mtaani kwetu palikuwa na sabla, chumba kirefu cha wanaume cha kukaa na kupokea khabari, na kahawa ilizungushwa kwa finjani chache zinazopita mkono kwa mkono. Mmoja akishakunywa anaitikisa, anajaziwa wa pili yake. Ijumaa iliyofuata nilikwenda kama kawaida yangu. Mwenye kumimina alipofika kwangu akanipita, akamjazia aliyekaa kushoto kwangu. Kisha akarudi na gilasi ndogo ya chai, imetiwa kahawa, akaiweka mbele yangu juu ya mkeka. Wakaendelea na mazungumzo ya mvua na bei ya majani ya ng'ombe. Nikainywa ile kahawa, nikashukuru, na nilipoondoka nikaiona gilasi yangu imebaki pale pale, hakuna aliyeiokota.

Nilirudi spitali kupimwa kama naambukiza. Majibu yakaja kwamba sina ile manjano. Nilifurahi kwa muda wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari, khalafu nikaelewa. Katika zile sababu mbili moja imeondoka. Imebaki moja tu.

Na hiyo ilinikaa vizuri mno. Mtu anayeishi peke yake, asiye na mke, aliyetoka Zinjibar, anayesoma vitabu vya Kizungu na pazia kaliteremsha. Hakuna aliyenitukana. Laiti wangenitukana ningejibu. Ofisini mkubwa wangu alinishauri, kwa upole wa kutisha, niende Umra. Mwenye duka la mkate alianza kunisalimia kwa kichwa. Daktari alinipima tena, vile vitu vimepanda zaidi, naye akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoka na mwanafunzi. "Ukiacha vitashuka," akasema. Nikarudi nyumbani nikakaa kitako jikoni. Ipo siku nilitamani niwe mlevi kweli, nipate japo kitu cha kuacha.

Nilikuwa nikipiga hesabu ya maneno niliyosema kwa siku. Asubuhi salamu za ofisini. Mchana mkate. Jioni hapana kitu. Nikafungua redio nikasikiliza idhaa za mbali, sauti inakuja na kupotea, nikajibu mtangazaji.

Mwishowe nikaomba ruhusa, nikaenda Maskati. Sikutaka kuendesha, nilipanda gari la abiria na watu wa Sur waliopakia papa mkavu, na pale Bidbid, njia zinapokutana, tukateremka kunywa chai. Nikainywa na sukari yangu yote, sijui chochote. Spitali ya mjini ilikuwa kubwa, inanukia dawa na rangi mpya. Niliketi kwenye benchi mpaka nikaitwa, nikaingia kwenye chumba alimokaa daktari mwanamke, kijana, amejifunga mtandio mweupe. Akatazama karatasi yangu, akasoma mahali nilipozaliwa, akainua uso.

"Shikamoo, ami," akasema.

Nilikuwa sijalisikia neno hilo muda mrefu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Marahaba."

Alizaliwa Unguja, akachukuliwa na wazee wake akiwa mdogo, akasomeshwa udaktari nchi za nje. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, kizuri, cha zamani. Akanitaka nimweleze, nikamweleza yote, hata kuhusu gilasi. Nilipofika kwenye pombe nikasema kwa haraka, "Na najua hutoniamini."

"Ami, mimi sijakuuliza unakunywa nini," akasema. "Nataka kujua unakula nini."

Nikamhesabia. Wali, samli, halwa, tende, soda, maziwa ya kopo, vijiko vya sukari. Akanisikiliza bila ya kucheka. Akaagiza nitolewe damu asubuhi ya pili yake kabla sijatia kitu mdomoni, akanilaza, akanipaka kitu cha baridi tumboni kama uji wa mwani, akapitisha chombo kilichofungwa waya kwenye mashine yenye kioo. Akanionyesha. Mie niliona kijivu na weupe tu.

"Hili ini lako," akasema. "Tazama linavyong'aa. Ini la kawaida haliwi jeupe hivi. Haya ni mafuta, ami. Mafuta yameingia ndani ya ini."

"Mafuta ya nini?"

"Ya chakula. Ya sukari pia. Mwili ukipata sukari zaidi ya inavyohitajika huigeuza mafuta, ukakosa pa kuyaweka."

Alipopata majibu ya damu aliniita tena. Akanionyesha kichupa walichokiacha kitulie: chini damu imeganda, na maji yaliyobaki juu, yanayotakiwa yawe kama maji ya samli safi, yalikuwa meupe kama tui. Nililitazama tui lile limetoka ndani yangu nikaona haya. Sukari yangu pia ilikuwa imekwisha kupanda, akasema, si ya maradhi bado, lakini iko mlangoni.

"Na vile vitu vya ini?" nikamwuliza. "Vile wanavyosema ni vya ulevi?"

Akavuta karatasi akachora mistari miwili. "Viko viwili tunavyovitazama zaidi. Vyote hupanda ini likidhurika. Lakini kwa mtu aliyedhurika kwa pombe, aghlabu huu mstari mmoja hupanda ukamshinda mwenzake sana. Kwako ni kinyume, wa pili ndio uliotangulia. Si ushahidi wa kukata mbele ya kadhi, wala sitokudanganya kwamba damu peke yake inajua kila kitu. Lakini nikiiweka pamoja na picha, na hili tui, na kiuno chako, mimi nakuamini."

Nikainamisha kichwa. Akajifanya anatafuta kalamu.

"Usimlaumu mwenzangu wa Ibra," akasema khalafu. "Maradhi haya bila ya pombe ni mambo mapya hata vitabuni. Sote tulifundishwa kuuliza pombe kwanza. Nitampigia simu mimi mwenyewe."

"Dawa yake?"

"Sina kidonge cha kukupa. Punguza mwili. Acha sukari, punguza wali, samli usiiguse. Na tembea, ami, tembea kila siku."

Nilirudi Ibra nimeketi mbele karibu na dereva, nikitazama milima, na njia nzima nikitunga maneno ya Kiarabu nitakayomwambia jirani. Niliyafanyia mazoezi kama mtoto wa skuli. Sikusubiri hata kubadilisha nguo. Nikagonga, akatoka mwenyewe, akanikaribisha kwa adabu lakini tukaishia barazani.

"Nimekwenda Maskati," nikamwambia. "Wamenipima upya. Si maradhi ya kuambukiza. Na si pombe. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, sijapata kuinywa."

"Alhamdulillahi," akasema. Nikaona mabega yake yameshuka. "Ni nini, basi?"

Na hapa ndipo mazoezi yangu yalipokwisha, kwa sababu sikuwa nimefikiria mbele ya hapo.

"Ni mafuta," nikasema. "Ini limeingia mafuta. Kwa chakula. Wali, samli, halwa, na ..."

Nikanyamaza, lakini nilikuwa nimechelewa. Uso wake ulibadilika taratibu.

"Chakula," akarudia.

"Na soda pia. Na chai."

"Chakula chako cha jioni kilikuwa kikitoka nyumba hii."

"Sikukusudia hivyo, ndugu yangu."

"Mke wangu alikuwa akikupikia kabla ya kutupikia sisi," akasema, bado kwa sauti yake ya chini. "Sasa nikamwambie kwamba alikuwa akikutia maradhi?"

"La! Nilikula kwa hiari yangu. Kilikuwa chakula kizuri."

"Mungu akuafu," akasema, kama siku ile spitalini, na mlango ukafungwa.

Nikawa nimejisafisha na jambo moja nikajiingiza katika jengine. Na dawa yenyewe ilikuwa ni kukaa mbali na watu, maana Ibra huwezi kukaa na watu bila ya kula. Nikialikwa naogopa, nikikataa halwa, mwenye nyumba anadhani nina kinyongo, nikionja kidogo wananijazia. Nikaacha kwenda. Nikawa nachemsha samaki kwa ndimu, nala na figili na majani yake, kwenye meza, namtazama mtu wa kalenda ya ukutani. Asubuhi baada ya sala nikitembea kandoni mwa wadi, ule mto mkavu wa mvua, mpaka kwenye mitende ya mwisho na kurudi. Magari yakisimama. "Ustadh, gari limeharibika? Panda!" Nikisema natembea tu, wananitazama, wanaondoka polepole. Mtu mwenye gari lake anatembea kwa miguu. Walifikiri ini limefika kichwani.

Nikakonda. Kanzu zikanipwaya. Sifa zikageuka pole, na kina mama sokoni wakinionea huruma kama mtu anayesubiri siku yake. Lakini kila nilipokwenda kupimwa, vile vitu viwili vilikuwa vimeshuka. Daktari wa Ibra, aliyekwisha kupigiwa simu, alinisomea mwenyewe, na siku moja akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Nilikosea kwako." Nilimshukuru. Alikuwa wa kwanza kuyasema maneno hayo, na ndiye niliyekuwa nimekwisha kumsamehe.

Majira ya baridi ya mwaka uliofuata, asubuhi moja narudi kutoka kwenye wadi, nikamkuta jirani amesimama kwenye ukuta wangu. Hatukuwa tumesema zaidi ya salamu muda wote ule. Akanifuata mpaka mlangoni lakini hakutaka kuingia.

"Nimepimwa damu," akasema. "Nilikuwa nakojoa sana, nina kiu. Wamenikuta na sukari."

"Pole, ndugu yangu."

"Na lile lako pia. La ini."

Akatazama njia nzima kama kuna mtu anasikia. Palikuwa na mbuzi tu.

"Wewe walipokuita ndani siku ile," akaendelea, "walikuuliza kama unakunywa?"

"Waliniuliza."

"Na mimi jana daktari mgeni kaniuliza. Mimi! Na mtoto wangu mkubwa amekaa pembeni anafasiri. Nikasema hapana. Wewe ulisema nini?"

"Nilisema hapana."

"Akakuamini?"

"Hakuniamini. Hakuna aliyeniamini."

Akaiteremsha ncha ya kilemba akajipangusa uso nayo, akakaa nayo hivyo usoni. Jua lilikuwa limekwisha kufika juu ya ukuta. Mwisho akasema, "Unakwenda mpaka wapi, ukitembea?"

"Mpaka mitende ya mwisho."

"Kesho nigongee."

Tulitembea pamoja majira yale ya baridi yaliyobaki. Hatukuzungumza sana, yeye alikuwa akihema na mie Kiarabu changu kilikuwa bado kizito. Aliniuliza kuhusu figili, nikamwambia. Siku moja aliniuliza mke wangu alikuwa mtu wa namna gani, na hilo hakuna mtu wa Ibra aliyepata kuniuliza. Nikamweleza mpaka tukafika. Khalafu ofisi ikanihamishia Nizwa, na katika kupakia vitu hatukuagana vizuri, kwa sababu siku ile alikuwa amekwenda Sur kuleta mali ya duka. Nilisikia baadaye kwamba bado anatembea, sasa na mwanawe.

Nizwa nilipanga nyumba nyuma ya soko. Hakuna aliyejua nilikuwa mnene wala aliyesikia khabari ya damu yangu. Walinijua hivyo hivyo nilivyokuja, mtu mwembamba asiyesema sana. Nilikwenda spitali ya huko kupimwa, daktari ambaye sikupata kumwona kabla akageuza karatasi huku na huku, akasema ini langu ni zima, hata hakujua kwa nini wamenituma. Nikamwuliza kuhusu vile vitu viwili, hiki na hiki. Akanionyesha. Vyote viko mahali pake.

Nilitaka kumpelekea khabari yule binti wa Maskati, lakini nilipopiga simu wakaniambia ameolewa, amehamia na mumewe nchi za nje. Nikasema basi, msalimieni, na wao hawakuuliza nani anamsalimia.

Nikatoka. Kwenye kivuli cha ukuta wa spitali walikaa jamaa za wagonjwa, wametandika mikeka, wamefungua vyakula vyao, wanaitana. Mzee mmoja alikuwa anasaidiwa na wanawe wawili kuvaa viatu, wanabishana nani ashike kulia. Nikapita kati yao nikasema salamu alekum, wakaitikia wote kwa pamoja, nikaenda kutafuta gari langu.